Nyumba ya Katoni Niliyomjengea Mama

Siku mama yangu alipoingia mji wa Kasongo na mkeka wake kichwani, mwanangu, mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya cherehani ili asinione. Ndoa yangu siikumbuki kama ninavyoikumbuka siku ile. Vuta kiti ukae karibu, maana masikio yako ni mazima lakini sauti yangu imeanza kuchoka.

Kwetu ni upande wa Kabambare, ndani kabisa, mbali na barabara. Baba alikufa mimi nikiwa bado mdogo, mama akatulea mimi na dada yangu kwa mpunga na muhogo. Nilipokua, mjomba wangu Kasimu, kaka yake mama, alinipeleka Kasongo kwa fundi mmoja wa kushona nguo, Fundi Rajabu, nijifunze kazi. Nililala chumba cha nyuma cha duka lake, katikati ya vitambaa na makatoni matupu.

Humo ndimo nilimokuta sanduku la nyumba. Fundi alikuwa amelinunua zamani pamoja na vikorokoro vingine vya mfanyabiashara mmoja Mgriki, aliyeuza vitu vyake vyote akarudi kwao. Ndani mlikuwa na nyumba za kuchezea za watoto wake, nyingine za bati, nyingine za karatasi ngumu, ndogo za kukaa juu ya kiganja. Palikuwa na stesheni ya treni, kanisa lenye mnara, duka la mikate, na nyumba moja yenye paa jekundu na madirisha ya kijani, na chini ya kila dirisha wamechora maua. Rangi zilikuwa zimechujuka na panya walikuwa wametafuna pembe. Hata hivyo sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile.

Nikaanza kuziiga. Nilichukua katoni za sabuni na za sukari, nikakata kwa wembe, nikabandika kwa uji mzito wa muhogo. Paa nililipaka udongo mwekundu, madirisha nikayapaka rangi iliyobaki chini ya mkebe wa seremala jirani. Mara za kwanza kuta zilipinda, zikalala kama mlevi. Baadaye nikajifunza kuukwaruza mstari kwa mgongo wa kisu kabla ya kukunja, kuacha ulimi mdogo wa kubandikia, na kusimamisha vijiti vya matete ndani ya pembe. Fundi Rajabu alinicheka sana, lakini moja aliiweka dirishani mwa duka, na wateja wakawa wanasimama kuitazama kabla hawajasema walichokuja kushonesha.

Hapo hakuna kosa, mwanangu. Mikono inayojua kutengeneza kitu ni neema, na mtu asikudanganye kwamba ni mambo ya kitoto. Kosa lilikuja na foto.

Sokoni kulikuwa na mpiga picha, kijana wa rika langu, jina lake Jumaa. Siku moja aliiona nyumba yangu kubwa kuliko zote, ile ya paa jekundu, iliyofika magotini. Akaizunguka, akachuchumaa.

"Amisi," akaniambia, "hii nikiipiga nikiwa nimelala chini, watu watasema ni nyumba ya mukubwa fulani."

Tukaibeba hadi nyuma ya shule. Tukasawazisha mchanga uwe kiwanja, tukachomeka vijitawi viwe miti, Jumaa akalala kifudifudi na shati lake safi. Ninyi leo mnapiga kwa simu na kuona papo hapo. Sisi tulingoja. Ilipotoka ile foto, mimi mwenyewe niliyeikata ile katoni nilitamani kubisha hodi.

Sasa, wakati ule binamu yangu Selemani alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Lusangi, na alikuwa amemwezekea mama yake nyumba kwa mabati. Mama yangu bado alilala chini ya majani. Kila aliyetoka kwetu alinisimulia mabati ya Selemani, jinsi yanavyong'aa, jinsi mvua inavyolia juu yake, hata kama sikumwuliza. Wivu ulinila. Basi alipopita mchuuzi wa baiskeli anayepeleka chumvi na samaki wakavu wa Nyangwe huko kwetu, nilimkabidhi ile foto.

"Mpe mama," nikasema. "Mwambie mambo yangu yanaendelea vizuri."

Sikusema kwamba nyumba ni yangu. Hilo nililishikilia kwa muda mrefu kama utetezi wangu, kwamba mimi sikusema. Lakini nilijua watakavyoelewa, nikawaacha waelewe.

Mchuuzi aliporudi aliniletea karanga na kuku kutoka kwa mama. Mama alikuwa amelia kwa furaha, akaizungusha foto kijiji kizima, mpaka kwa mama yake Selemani. Na mjomba Kasimu alikuwa ametuma swali moja tu: nyumba hii ni ya nani?

Mchuuzi alikuwa ameshika baiskeli yake barabarani, anangoja jibu. Ningesema tu kwamba ni mchezo, ni katoni, angecheka, na kule nao wangecheka, na mambo yangeishia hapo. Nikamwangalia usoni nikasema: "Ni ya mama."

Mavuno ya mpunga yalipokwisha, nilikuwa dukani peke yangu, Fundi amekwenda kutafuta nyuzi, nikasikia sauti ya mama njiani akiwasalimia watu na kuuliza: "Ninatafuta nyumba ya mutoto wangu Amisi. Iko na paa nyekundu." Ndipo nilipoinama. Lakini mtu mmoja alimwonyesha duka, na mama akaniona jinsi nilivyojikunyata, akadhani nimeangusha sindano.

"Baba, acha hiyo sindano, inuka nikuone!"

Alikuwa na mkeka kichwani, na mjomba Kasimu nyuma yake anasukuma baiskeli iliyofungwa sufuria, kinu na furushi la nguo. Nikauliza kwa nini wamebeba vyombo vyote.

"Si nimekuja kukaa?" mama akasema. "Nyumba ya kule nimemwachia Musafiri, mutoto wa shemeji yangu, ameoa. Nimemwambia chukua, na shamba lima, miye mutoto wangu amenijengea."

Nikasema waketi wapumzike, nitafute chakula. Mama akakataa. Chakula chake cha kwanza mjini atakila nyumbani kwake, ndivyo alivyoahidi njiani.

Utaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Nimejiuliza swali hilo miaka yote. Jibu ni kwamba alikuwa anacheka, mwanangu, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumnyamazisha. Nikajidanganya kwamba huo ni upendo.

Nikatangulia mbele, wao wakanifuata. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara, Mze Saidi, mtu wa familia za zamani za mji, aliyeheshimiwa msikitini na sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya tangu wakati wa wafanyabiashara wa Kigriki, paa limepakwa rangi nyekundu, madirisha ya kijani. Saa zile kwa kawaida alikuwa shambani kwake. Nia yangu ilikuwa kuwaonyesha kutoka barabarani, niwaambie rangi haijakauka, mafundi bado wako ndani, kisha niwatafutie pa kulala siku chache. Baada ya hapo nini? Sikuwa nimefika huko.

Mama hakusimama barabarani. Alipoliona lile paa alitua mkeka, akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakageuka, akaingia uani. Alikigusa kizingiti kwa mikono miwili. Kisha akaona ufagio umeegemezwa ukutani, akaushika, akaanza kufagia baraza. Mjomba akaanza kufungua kamba za baiskeli na kushusha sufuria. Mimi nilibaki njiani.

Mlango ukafunguliwa. Mze Saidi hakuwa ameenda shambani siku hiyo, goti lilikuwa linamwuma. Alitoka polepole na kanzu yake, akamtazama mama, akatazama zile sufuria, kisha akanitazama mimi kule barabarani.

"Salam alekum, mze," mama akasema kwa furaha. "Weye ndiye mulinzi? Mungu akubariki, umeitunza nyumba vizuri."

Mtu yule alikuwa na maduka, mwanangu, na watu walimwamkia kwa kuinama. Nilingoja afoke. Akajibu: "Alekum salam, mama. Karibu sana. Mumetoka mbali?" Akaagiza viti viletwe, na maji ya kunywa, na akamwomba mama apumzishe ufagio. Halafu akanifanyia ishara kwa kidole nimfuate nyuma ya nyumba.

"Weye ni kijana wa Rajabu."

"Ndiyo, mze."

"Mama yako amefagia baraza langu na amenishukuru kwa kumulindia nyumba yake. Sitakuuliza umemwambia nini, ninaona." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Miye nimemupa maji. Ukweli siwezi kumupa, ule ni wako. Uko na nafasi mpaka amalize kunywa."

Nikarudi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, kikombe mkononi, anayatazama madirisha. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nyumba hii si yangu. Ni ya mze huyu."

Akacheka. "Basi umepotea njia. Ile ya foto iko wapi?"

Nikasema: "Twende nikuonyeshe."

Nikawapeleka dukani, chumba cha nyuma. Ilikuwa pale juu ya makatoni, ukuta mmoja umelegea kwa sababu paa la chumba lilivuja. Mama alifungua fundo la kitenge chake, akatoa foto, akaiweka karibu na nyumba. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akaingiza kidole kimoja mlangoni, kikapita. Mjomba Kasimu alitoka nje, na tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakunitania tena.

"Umetengeneza vizuri, baba," mama akasema. "Hata maua umeweka." Akairudisha foto kwenye fundo la kitenge. "Sasa miye nitalala wapi?"

Sikuwa na pengine pa kuwapeleka, nikawarudisha kwa Mze Saidi.

Mze Saidi ndiye aliyewalaza. Mama alikaa kwa wake wa mzee siku chache, wakampikia wali na sombe ya majani ya muhogo, wakamfanya mgeni wao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Siku ya kuondoka, mzee aliniita tena.

"Utamurudisha mwenyewe. Na kule, mbele ya watu walioiona ile foto, utafungua mudomo wako. Siku ya kufika, si kesho yake. Unanisikia?"

"Nimesikia, mze."

Kweli nilisikia. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno, nikisukuma ile baiskeli yenye sufuria na kinu. Mama alizungumza habari za mpunga, habari za mvua, habari za dada yangu na ujauzito wake. Neno la nyumba hakulitaja. Nami nilikuwa tayari, mwanangu. Wallahi nilikuwa tayari.

Tulipofika watu walikusanyika. Mke wa Musafiri alisimama kwenye mlango wa nyumba iliyokuwa yetu, na hofu ilimshika, akadhani tumekuja kumtoa. Nikavuta pumzi. Kabla sijasema, mama akasema yeye.

"Nyumba ya mutoto wangu ni nzuri," akawaambia, "lakini muji umenishinda. Makelele, joto. Nimeikataa. Nitakaa kwa binti yangu."

Mjomba Kasimu akanigeukia, akaningoja. Mimi nikatazama chini. Na nikuambie lililo baya zaidi: nilisikia nafuu. Nilisikia nafuu kama mtu aliyetuliwa mzigo, wala sikuangalia umetuliwa juu ya nani.

Mama yangu, aliyeitwa Mwamini, hakuwa mtu wa kudanganya. Wanawake walipogombana ndiye waliyemwita, kwa kuwa walijua hatapendelea. Siku ile alidanganya mbele ya kijiji kizima kwa ajili yangu, nami nikala chakula cha jioni, na asubuhi nikarudi Kasongo.

Alihamia jikoni kwa dada yangu, kibanda cha moshi, akilala karibu na mafiga. Na watu wakaanza kusema. Kijana amejitesa kumjengea mama yake nyumba ya paa jekundu, yeye ameidharau. Mwanamke wa majivuno. Huyu hata mbinguni atakuta kasoro. Mke wa Musafiri, aliyepewa nyumba bure, naye akapunguza kumwamkia. Wanawake wakagombana wakaenda kuamuliwa kwingine.

Mimi nilikuwa nashona. Habari zilinifikia kidogo kidogo, nikajiambia watasahau. Mpaka nilipokwenda kuwasalimia, na dada yangu akanivuta pembeni akiwa na mtoto mgongoni. "Mama anasemwa kwa ajili yako," akaniambia, "na weye unatuletea vitambaa."

Siku hiyo hiyo Musafiri alikuwa anampa jina mtoto wake wa kwanza, watu wamejaa uani. Nikasimama katikati yao. Nikasema yote, foto, katoni, Mze Saidi, ufagio. Nilisema vizuri, na nilipomaliza nilidhani nimejisafisha.

Kisha bibi mmoja, rafiki wa mama wa tangu usichana, akasema polepole: "Kumbe Mwamini alitudanganya."

Macho yote yakaenda kwa mama. Yakanipita mimi. Mimi nilikuwa kijana mjinga aliyecheza na katoni, na ujinga wa vijana husahaulika. Yeye alikuwa Mwamini. Aliinuka, akachukua beseni lake, akaondoka kabla chakula hakijaletwa. Nikamfuata mpaka njia ya mtoni.

"Mama, nimesema ukweli."

Hakugeuka. "Ungeusema siku ile, angekuwako muongo mumoja," akasema. "Leo tuko wawili."

Sikurudi Kasongo msimu ule. Nilifyatua matofali ya udongo, Musafiri akanisaidia kwa kuona haya, na mjomba Kasimu alikuja kutazama kama pembe zimenyooka. Tukamjengea mama nyumba ya vyumba viwili, paa la majani, kwa sababu ndiyo niliyoweza. Aliingia, akasema asante, kama mtu anavyomshukuru fundi aliyemaliza kazi. Alikuwa amenisamehe, alinipikia, aliniita baba kama zamani. Lakini walipokuja tena kumwita akaamue ugomvi, na ilichukua miaka, mara ya kwanza aliwakatalia. Aliwaambia watafute mtu ambaye neno lake ni zima. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya.

Alifia katika nyumba ile, juu ya kitanda chake. Mungu amrehemu. Watu wananiambia nilifanya vema kumjengea. Nawaitikia, na ndani yangu uso unawaka.

Basi mwanangu, sikiliza ninachokutakia. Sikukatazi kutengeneza vitu vidogo vizuri. Mimi mwenyewe bado nakata katoni, na wajukuu wanazigombania. Tamani pia nyumba kubwa, tamani duka, tamani yote ya halali. Lakini ulicho nacho kiite kwa jina lake. Ikiwa ni katoni, sema ni katoni, hata kama nyumba ya jirani yako ni ya mabati. Watu watakucheka kidogo, na kicheko hakijawahi kumlaza mtu nje. Usituwazie wazazi wako kwamba tutakufa kwa kusikia hujafanikiwa bado. Tunakufa kwa mengine. Na ukiwa umekwisha kudanganya, kwa maneno au kwa kunyamaza, uufungue mdomo mapema, siku aibu ingali yako peke yako. Ukichelewa, mtu anayekupenda ataivaa kwa ajili yako, na siku utakapotaka kuivua utamvua nguo yeye mbele za watu. Hapo hata ukweli wako utaumiza, na hutakuwa na la kumrudishia.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono yenye kazi na mdomo usioogopa. Akupe wazee wa kukukemea kwa sauti ya chini, na akili ya kuwasikia siku ile ile. Mama yako asiaibike kwa ajili yako, wala wewe kwa ajili ya wanao. Na popote utakapolala, upaite pako bila kuinamisha macho. Amina.